Istilahi za visukuku na historia ya uhai: maneno ya kuchagua na maneno ya kuepuka

Treni inayotoka Lubumbashi kuja Kamina hupita Luena, katika teritware ya Bukama. Pale Luena kuna makaa ya mawe. Watoto wa pale wanayajua vizuri: ni meusi, yanachafua mikono, yanawaka. Lakini ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari wa jimbo letu kama amewahi kuona kisukuku, huenda akajibu hapana. Kwake visukuku ni mifupa ya wanyama wakubwa waliokufa zamani, na viko mbali, Tanzania au Ulaya. Jibu hilo halitokani na uvivu wake. Linatokana na neno. Mwalimu akikuta fossile katika kitabu cha Kifaransa na kulifasiri haraka kuwa "mifupa ya zamani", papo hapo makaa ya Luena yanatoka nje ya somo, kwa kuwa makaa hayana mifupa.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Wengi wetu tutakaomaliza masomo katika kitivo hiki tutafundisha, tutatafsiri au tutaandika vitabu vya shule. Tutapewa somo la historia ya uhai kwa Kifaransa na kutakiwa kulieleza kwa Kiswahili. Somo hili linapitia istilahi kuu za elimu hiyo. Kila neno tutaliuliza maswali matatu: linaingiza nini na kuacha nini? Linamtaja mtendaji, na kama linamtaja, yupo kweli? Msikilizaji wa hapa, leo, anaona picha gani anapolisikia? Istilahi inayoshindwa maswali hayo humfanya mwanafunzi aelewe vibaya hata pale mwalimu wake anapojua sayansi yenyewe barabara.

1. Mabaki, masalia, kisukuku

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Tuyatenganishe.

Mabaki ni neno pana kuliko yote. Ni chochote kilichobaki: mabaki ya chakula, mabaki ya nyumba iliyoungua, mabaki ya maiti. Halisemi kitu ni cha lini, wala kama kilikuwa na uhai.

Masalia yanakaribiana na mabaki, ila katika maandishi ya historia yameelekea kwenye vitu walivyoacha watu wa kale: vyungu, vyuma, makaburi. Mfano mzuri uko jimboni mwetu. Kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, kuna makaburi ya Sanga. Jean Hiernaux na Jacques Nenquin waliyachimba mwaka 1957 na 1958, naye Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1970. Walikuta mifupa ya watu, vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, mapambo na misalaba midogo ya shaba. Baadhi ya makaburi hayo yana umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Elimu inayoshughulikia vitu kama hivyo ni akiolojia: inamtafuta binadamu kupitia vitu alivyotengeneza na kuacha.

Kisukuku, wingi visukuku, ni mabaki au alama ya kiumbe aliyeishi zamani za kijiolojia, iliyohifadhiwa ndani ya mwamba au mashapo. Kwa desturi mpaka wa chini huwekwa kwenye miaka kama 10,000. Kila sehemu ya maelezo haya ina kazi yake. "Mabaki au alama" inaruhusu unyayo na tundu la mdudu. "Kiumbe" inaingiza mimea, konokono, samaki na bakteria, wala haiishii kwa wanyama wenye mifupa. "Zamani za kijiolojia" inayaweka nje makaburi ya Sanga, ingawa yana mifupa mingi. Elimu ya visukuku inaitwa paleontolojia.

Wakati mwingine kitu kimoja husimama mpakani. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alipata huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwa Edward, mfupa mdogo wa mnyama wenye mistari iliyochanjwa kwa vikundi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka kama 20,000. Ukiuliza mfupa ule ulikuwa wa mnyama gani, unauliza swali la paleontolojia. Ukiuliza nani alichanja mistari ile na alikuwa akihesabu nini, umeingia akiolojia. Kwa hiyo elimu hizi mbili hutenganishwa na swali linaloulizwa, na mtafsiri anapaswa kulisoma swali kabla ya kuchagua neno.

Neno la Kifaransa nalo lina safari yake. Linatoka katika Kilatini fossilis, yaani kilichochimbwa, na hapo zamani wataalamu wa Ulaya waliliita hivyo hata jiwe la thamani au madini. Maana ilipunguzwa polepole na matumizi ya wataalamu. Kiswahili kinapolichukua neno kisukuku na kulipa mipaka, kinafanya kazi ileile ambayo lugha nyingine zilikwisha kuifanya.

Sasa turudi Luena. Makaa ya mawe ya Luena ni mabaki ya mimea iliyozikwa katika kipindi cha Permia, kilichoanza karibu miaka milioni 299 iliyopita na kwisha karibu miaka milioni 252 iliyopita. Makaa ya Lukuga, karibu na Kalemie, yamo katika matabaka ya jamii hiyohiyo, ambayo wanajiolojia huyaita Karoo. Hapa Katanga tunaita makala yale makaa ya miti tunayotia katika mbabula ili kupika bukari. Dar es Salaam makala ni maandishi kama haya unayosoma. Mwalimu anaweza kuanzia hapohapo: makala ya sokoni ni mti uliokatwa juzi, na makaa ya Luena ni mimea iliyozikwa kabla dinosaria wa kwanza hajatembea duniani. Ndiyo sababu nishati ya makaa ya mawe, mafuta na gesi inaitwa nishati ya kisukuku. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kisukuku ni mfupa hawezi kulielewa jina hilo hata kidogo.

2. Mashapo, tabaka, kalibu, unyayo

Mashapo, katika matumizi ya nyumbani, ni machicha yanayotua chini ya chombo cha pombe au cha mafuta. Wanajiolojia wamelichukua neno hilo kwa mchanga, tope na chokaa vinavyotua chini ya maji. Msimu wa mvua mto Lualaba hubeba tope na kulishusha katika maziwa ya Upemba: hayo ni mashapo yanayoumbwa mbele ya macho yetu. Yakilundikana na kushindiliwa kwa muda mrefu huwa mwamba wa mashapo. Karibu visukuku vyote hupatikana katika miamba ya namna hiyo. Mwamba wa moto, kama itale, ulitokana na mawe yaliyoyeyuka, na joto lile haliachi mwili wa kiumbe.

Tabaka, wingi matabaka, ni safu moja ya mashapo au ya mwamba. Mwaka 1669 Nicolaus Steno aliandika kanuni ambayo hata mtoto anaweza kuijaribu kwa kupanga daftari juu ya meza: kama matabaka hayajapinduliwa, la chini ni la zamani kuliko la juu.

Kiumbe huwa kisukuku kwa njia kadhaa, na kila njia inataka kitenzi chake. Jani likianguka kinamasini na kufunikwa na tope kabla ya kuoza, uzito wa matabaka hukamua maji na gesi, na kaboni ndiyo hubaki. Hilo ndilo lililotokea Luena. Mfupa ukizikwa, maji yenye madini hupenya katika vitundu vyake na kuyaacha madini humo, hata ukageuka jiwe na kuhifadhi umbo lake. Kome akizikwa, gamba lake linaweza kuyeyuka lote na kuacha pango lenye sura yake. Pango hilo tuliite kalibu, kama mafundi wanavyoita chombo cha kumiminia chuma, na jiwe linalolijaza tuliite nakala.

Hizo zote zinatokana na mwili wa kiumbe, kwa hiyo ni visukuku vya mwili. Kuna pia visukuku vya alama, ambavyo mwili haumo. Mfano mkubwa katika Afrika Mashariki ni nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa na kikundi cha Mary Leakey mwaka 1978. Zamadamu walitembea kwa miguu miwili juu ya jivu la volkeno lililolowa, yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Nyayo zao zinaonyesha mwendo wao, jambo ambalo mfupa mmoja hauwezi kulieleza vizuri hivyo. Neno zamadamu limeshazoeleka katika Kiswahili cha Tanzania kwa jamaa hawa wa kale wa ukoo wetu, nasi tunaweza kulipokea.

Katika migodi ya shaba ya Lualaba na Haut-Katanga kuna mwamba ambao wanajiolojia huuita kwa kifupi RSC. Ndani yake kuna stromatoliti, yaani miundo yenye safu nyembambanyembamba iliyojengwa na bakteria waliotanda chini ya maji ya kina kifupi. Ina umri wa zaidi ya miaka milioni 700, na wakati huo hapakuwa na mnyama yeyote mwenye mifupa duniani. Mchimbaji wa Kolwezi anayeugonga mwamba huo kwa nyundo anagonga kisukuku. Istilahi zetu zinapaswa kumwezesha kuambiwa hivyo kwa sentensi moja na kuelewa.

3. Umri: miliari, bilioni na majina ya nyakati

Hapa mtego wa kwanza uko katika hesabu. Kitabu kilichochapwa Nairobi au Dar es Salaam kitasema Dunia ina umri wa karibu miaka bilioni 4.5. Bilioni ya huko ni milioni elfu moja. Mwanafunzi wa Kamina amejifunza hesabu kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa billion ni milioni milioni moja, ilhali milioni elfu moja ni milliard. Akiisoma bilioni ile kwa sikio la Kifaransa, ameizidisha Dunia umri mara elfu. Katika maandishi yetu ni salama kutumia miliari, neno ambalo watu wa hapa wanalijua hata kwa habari za bajeti ya serikali, au kuandika "milioni 4,500". Anayetafsiri kitabu cha Kenya au Tanzania aibadili bilioni kila inapotokea.

Mtego wa pili uko katika aina za umri. Tukisema tabaka hili ni la zamani kuliko lile bila kutaja miaka, huo ni umri linganishi. Tukitaja miaka, ni umri wa miaka, na unatafutwa kwa kupima elementi zinazogeuka kuwa elementi nyingine kwa kasi isiyobadilika. Muda unaohitajika ili nusu ya elementi hiyo igeuke unaitwa nusumaisha. Nusumaisha ya kaboni-14 ni miaka 5,730. Baada ya miaka kama 50,000 kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Kwa hiyo kaboni-14 inafaa kwa makaburi ya Sanga na kwa Ishango, lakini haifai hata kidogo kwa makaa ya Luena. Kwa nyakati ndefu zaidi hutumiwa vipimo vingine. Fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, likaitwa Zinjanthropus kwa jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki, lilipewa umri wa miaka milioni 1.75 mwaka 1961, kwa kupima potasiamu na agoni katika majivu ya volkeno. Katika tafsiri, kusema tu "walipima kwa kaboni" pasipo kuangalia ni kosa linaloweza kuuharibu ukurasa mzima.

Majina ya vipande vya wakati nayo yanachanganywa. Zama, enzi, kipindi na wakati hubadilishana nafasi katika mazungumzo, lakini jiolojia inataka ngazi. Napendekeza tushike hivi: eoni ni kipande kikubwa kuliko vyote, enzi ni sehemu ya eoni, kipindi ni sehemu ya enzi. Zama tuiache kwa historia ya binadamu, kama zama za mawe na zama za chuma, ambako imeshazoeleka. Hivyo Permia, Jurasiki na Kretasia ni vipindi, na watu wa Sanga ni wa zama za chuma.

4. Mageuzi, mageuko, mabadiliko

Hapa sarufi yetu inatusaidia kuliko Kifaransa. Mageuzi yanatokana na kitenzi geua, chenye mtendaji na mtendwa: mtu anageuza kitu. Redioni tunasikia mageuzi ya jeshi, mageuzi ya elimu, mageuzi ya fedha, na daima yuko anayeyafanya. Mageuko yanatokana na geuka, kitenzi kisichodai mtendaji wa nje. Kwa nadharia inayosema kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi bila fundi aliyepanga kila hatua, mageuko ndilo neno linalolingana na maana. Mabadiliko ni neno pana mno: hali ya hewa inabadilika, bei inabadilika, mtoto anabadilika akikua.

Mtu anaweza kupinga akisema: mbona neno kiumbe linatokana na umba, na wanabiolojia wa Kiswahili wanalitumia bila shida? Hoja ni nzuri, na jibu lake ni kwamba asili ya neno hailifungi milele. Anayesema "viumbe vya majini" leo hafikirii mwumbaji wala udongo. Anafikiria samaki na mwani. Lakini anayesikia "mageuzi" leo anamfikiria waziri. Kinachohesabiwa ni picha iliyo hai masikioni mwa watu.

Mageuko nayo yanahitaji tahadhari moja. Kitenzi geuka huwafanya watu wadhani kwamba mnyama mmoja mmoja hugeuka, kama mchawi wa hadithi anavyogeuka chui. Mwalimu ajizoeze kutaja kundi na vizazi: "Katika vizazi vingi, kundi hili lilipata miguu mirefu zaidi." Aepuke kusema: "Mnyama huyu aliamua kurefusha miguu."

Shida kama hiyo iko kwa Darwin mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1859 kilieleza kwamba viumbe vinavyofaa mazingira yao huacha watoto wengi zaidi, na jambo hilo akalipa jina ambalo kwa kawaida tunalifasiri uteuzi asilia. Wasomaji walimwuliza: anayeteua ni nani? Katika toleo la tatu, mwaka 1861, ilimbidi ajibu kwamba neno lake lilikuwa la mfano tu. Kiswahili kinaweza kuepuka ubishi huo kwa kusema mchujo asilia. Chujio halina akili wala nia. Punje zinapita au hazipiti. Uteuzi asilia umeshachapwa vitabuni na hatuwezi kuufuta, lakini tunapofafanua, chujio litamsaidia mwanafunzi kuliko kiti cha mteuzi.

5. Nkambo na binamu

Sentensi inayorudiwa zaidi katika somo hili ni "binadamu ametokana na nyani", na ina makosa mawili. La kwanza ni la jina. Nyani ni mnyama wa kundi, mwenye mkia na pua ndefu kama ya mbwa. Jamaa zetu wa karibu ni sokwe na bonobo, na huyo bonobo haishi porini popote duniani isipokuwa katika nchi yetu, kusini mwa mto Kongo. La pili ni la ukoo. Hata ukimweka sokwe mahali pa nyani, sentensi bado haifai. Sokwe wa leo hakumzaa mtu, kama vile mtoto wa baba mdogo hakukuzaa wewe. Ninyi wawili mna babu mmoja.

Waluba wana neno nkambo, na katika Kiswahili cha Katanga sote tunalitumia kwa babu, bibi na wazee waliotangulia. Basi tuseme hivi: binadamu na sokwe wana nkambo mmoja, aliyeishi miaka milioni kadhaa iliyopita, naye hakuwa sokwe wala mtu. Katika maandishi ya Kiswahili sanifu tuandike mhenga wa pamoja. Darasani Kamina, nkambo litafanya kazi kwa sekunde moja, kwa sababu kila mwanafunzi anajua tofauti ya nkambo na binamu.

Kutokana na hilo tuuache pia usemi wa "kiungo kilichopotea". Unaleta picha ya mnyororo mmoja ulionyooka, wenye pete iliyoanguka. Historia ya uhai inafanana zaidi na ukoo mkubwa: matawi mengi, mengine yakiendelea, mengine yakikatika. Anayejua kuhesabu ukoo wake kwa baba na kwa mama tayari anajua kuusoma mchoro huo.

6. Spishi, na Kiswahili ndani ya majina ya kisayansi

Kwa ngazi ya msingi ya viumbe, aina ni pana mno. Kuna aina za mihogo, za magari na za hasira. Kabila na jamii ni za watu. Spishi ni neno la kukopa lisilo na kazi nyingine, na hiyo ndiyo faida yake. Ngazi ya juu yake ni jenasi. Ngazi hizi zina uzito hata nje ya darasa. Mwaka 2005 mtafiti Cotterill alipendekeza kwamba lechwe wa bonde la Upemba, mnyama wa vinamasini aliye jamaa ya kuro, ahesabiwe kuwa spishi peke yake, Kobus anselli. Mnyama akiitwa "aina tu ya lechwe", kupotea kwake Upemba kunaonekana hasara ndogo, maana lechwe wengine wako Zambia. Akiitwa spishi, hana mwingine popote.

Jina la kisayansi lina maneno mawili, kwa utaratibu wa Linnaeus ambao kwa wanyama unahesabiwa tangu 1758: jenasi kwa herufi kubwa, kisha neno la spishi kwa herufi ndogo. Katika miaka ya karibuni Kiswahili kimeingia katika utaratibu huo. Mwaka 2010 mtambaazi wa kale kutoka kusini mwa Tanzania aliitwa Asilisaurus kongwe. Mwaka 2019 dinosaria wa bonde la Rukwa aliitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, yaani mnyama wa mto Mtuka, ambaye pingili ya mkia wake ina umbo la moyo. Mwaka huohuo visukuku vilivyokuwa vimehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi vilipewa jina Simbakubwa kutokaafrika. Tazama maneno yalivyoshonwa pamoja: kanuni inataka neno moja kila upande, kwa hiyo "kutoka Afrika" limepoteza nafasi na herufi yake kubwa.

Lakini jina halina kazi ya maelezo. Simbakubwa hakuwa simba; alikuwa wa kundi jingine la wala nyama, lililokwisha toweka. Congosaurus, jina alilolitoa Louis Dollo mwaka 1914, alikuwa jamaa ya mamba, na alitoka Landana, ambayo leo ni Angola. Glossopteris, mmea wa kipindi cha Permia ambao majani yake yamepatikana katika matabaka ya Lukuga, maana yake kwa Kigiriki ni kangaga la ulimi, kumbe ulikuwa mmea wa mbegu. Hata jina dinosaria, alilolibuni Richard Owen mwaka 1842, lina maana ya mjusi wa kutisha, na dinosaria hawakuwa mijusi. Ndiyo maana inafaa tuandike dinosaria. Watanzania humwita "mjusi" yule mkubwa wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, ambako kiunzi chake kinasimama na kimo cha zaidi ya mita 13. Katika madai ya kurudishwa kwake nyumbani neno hilo lina nguvu, na liachwe huko. Katika kitabu cha biolojia litampotosha mtoto, kwa kuwa dinosaria wako karibu zaidi na mamba na ndege kuliko na mjusi wa ukutani.

7. Kutoweka

Kufa ni kwa mmoja. Kutoweka ni kwa spishi nzima. Tembo wote wa bonde moja wakiuawa, wametoweka mahali hapo. Wa mwisho duniani akifa, spishi imetoweka kabisa, na hairudi. Spishi nyingi zikitoweka kwa pamoja katika muda mfupi wa kijiolojia, tuseme mtoweko mkuu. Mkubwa kuliko yote ulitokea mwishoni mwa Permia, miaka milioni 252 iliyopita, nao ukaifuta misitu ya Glossopteris. Mwingine ulitokea mwishoni mwa Kretasia, miaka milioni 66 iliyopita, ukawaondoa dinosaria wote isipokuwa ukoo wa ndege.

Hapa ndipo istilahi zote zinapokutana. Mwanafunzi anayejua kwamba makaa ya Luena ni kisukuku, kwamba mimea ile ilikuwa spishi zenye jina, na kwamba ilitoweka, anaweza kumtazama lechwe wa Upemba na kuuliza swali la maana. Asiye na maneno hayo ataona jiwe jeusi hapa, mnyama wa vinamasini pale, wala hatakuwa na namna ya kuviunganisha.

Mazoezi

1. Andika upya sentensi hii bila makosa yake: "Binadamu alitokana na nyani kwa mageuzi, na wanasayansi bado wanatafuta kiungo kilichopotea."
2. Sema kila kimoja ni kisukuku au la, na utoe sababu: msalaba wa shaba wa Sanga, unyayo wa Laetoli, kipande cha makaa ya mawe, gogo lililoungua mwaka jana, stromatoliti ya Kolwezi.
3. Kitabu cha Nairobi kinasema: "Uhai ulianza zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita." Kiandikie mwanafunzi wa Kamina sentensi hiyo asije akapotea.
4. Waulize wazee watatu wanaitaje, kwa Kiluba au kwa lugha yao nyingine, jiwe lenye umbo la jani, la gamba au la mfupa. Kila jina walilokupa lipitishe katika maswali matatu ya mwanzo wa somo hili, kisha uamue kama linafaa kuingia kitabuni.